Doa Lililotoweka Kwenye Kofia ya Lou

Mpendwa Bi Loretta,

Nisaidie mama, maana Jumamosi hii nimekusudia kumwaibisha rafiki yangu mbele za watu, na mke wangu Doreen kaapa kwamba nikifungua mdomo kabla sijakuandikia wewe unayewashauri watu gazetini nitajipikia mwenyewe mwezi mzima.

Mimi na Emmett Pulaski tunakusanya kadi za besiboli, zile zenye picha za wachezaji, toka tuna miaka kumi na miwili, leo ni miaka hamsini, na mimi si wale wa kutafuta bei, mimi napenda kadi yenyewe ilivyochorwa, na ninayoipenda kuliko zote ni ya mwaka 1975, ya mdakaji wa akiba aitwaye Lou Bardsley ambaye hakuna anayemkumbuka, fremu yake nusu rangi ya chungwa nusu kahawia, jina la timu limekaa juu kwa herufi nene zenye kivuli, saini imempita kifuani, na kwa kuwa mtambo wa kuchapia ulikosea siku ile wino mwekundu ukateleza, basi Lou ana mdomo wake na mwingine kidevuni, na hapa mezani ninapoandika ananitazama kwa midomo yake yote miwili. Juu ya kofia palikuwa na doa la nta, ile iliyofungia pakiti kadi zilipouzwa. Doa hilo nalijua kama kovu la goti langu.

Mwezi wa tatu Emmett akaniambia, "Niazime Lou wiki moja, bwana, nataka nimwangalie vizuri." Sisi hatuazimani kadi, Bi Loretta, kadi unaitazama kwenye meza ya mwenyewe, unaishika kwa kingo tu, lakini huyu ni Emmett, nikampa, na huku najua fika kwamba seti yake ya mwaka ule imetimia yote isipokuwa Lou. Ikarudi baada ya wiki mbili, doa halipo. Na pale ukumbi wa kanisa tunapokutana wakusanyaji Jumamosi tuna msemo wetu, kadi haiponi, kadi huchakaa tu, kwa hiyo kadi iliyorudi nzuri kuliko ilivyoondoka si ile, kabaki na yangu, kanibambikia nakala ya juzi.

Nikaanza kumchunguza, na kila nikichunguza nakuta. Haniangalii usoni tena, nikisema naye analitazama sikio langu kama mtu mwenye hatia. Albamu yake, nikiomba kuiona, "Siku nyingine, Merle." Ananiuliza mambo anayoyajua, "Hivi ile chungwa imefifia au bado iko vilevile?", nikajua ananipima kama nimegundua. Lenzi yake ya kukuzia aliyokaa nayo miaka ishirini kamgawia mpwa wake, kusudi isitumike kama ushahidi. Gari haendeshi, mkewe Jeanette ndiye anayemleta ukumbini na hamwachii mkono, wamekula njama. Juzi nilipopita kwao nikakuta kwenye meza ya kadi kipande cha stokingi ya kike, na aliposikia sauti yangu mlangoni akakifunika na gazeti. Nikamchokoza, "Naona Lou kapona, eh?" Akacheka, akasema, "Hajapona, mzee. Kaoga."

Mtu akishaitwa mbadilishaji pale ukumbini, yaani mwizi wa kubadili kadi za wenzake, hakuna atakayemfungulia albamu mpaka anakufa. Nimwite au nisimwite?

Merle, Zanesville

*

Merle,

Usimwite. Doreen anakufahamu vizuri.

Tuanze na kadi. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba Lou anakutazama kwa midomo miwili. Wanaotengeneza nakala hutafuta kadi safi ya kunakili, Merle, hawahangaiki kunakili kosa la mtambo. Kadi iliyo mbele yako ndiyo ileile uliyompa. Umetazama doa lisilokuwepo, ukasahau kutazama uso uliokuwepo, na bado unajiita mpenda michoro.

Na stokingi. Marehemu kaka yangu alikuwa wa kundi lenu, na stokingi zangu za kanisani ziliishia kwenye kadi zake. Nta ya zamani husuguliwa kwa nailoni, taratibu, kwa ncha ya kidole, hata wiki nzima. Wewe umejivunia miaka hamsini kwamba hugusi uso wa kadi, ndiyo maana hukujua. Rafiki yako alikuogeshea Lou, na alikuambia hivyo hivyo, kwa maneno yake, ukaona ni kejeli.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo uliponitia uchungu. Mama yangu mwishoni mwa maisha yake alikuwa ananitazama sikio. Nilinuna miezi, nikidhani ana kinyongo na mimi, mpaka daktari aliponieleza kwamba katikati ya jicho pamekufa na anachokiona amebaki kukionea pembeni. Mimi si daktari. Lakini mtu aliyegawa lenzi, aliyeacha usukani, anayeshikwa mkono na mkewe, anayeuliza kama rangi ya chungwa bado ipo, huyo hakukuibia. Nadhani alikuomba Lou ili amwone mara ya mwisho. Huenda kila anachokitazama sasa kina doa katikati, na hilo stokingi hailiwezi. La kwako aliliweza, akalitoa.

Ushahidi wote uliokusanya ulikuwa ni rafiki yako anapoteza macho mbele yako, na wewe ukawa unahesabu makosa. Ona aibu kidogo, halafu inuka.

Jumamosi ukumbini usiseme neno, na habari ya macho mwachie mwenyewe aitoe akitaka. Nenda Ijumaa, mchana, jua likiwa zuri. Mwambie wazi kwamba ulimshuku, umwombe radhi, umwache akutukane akipenda. Kisha umpe Lou, si kwa kumwazima, akae kwenye kile kimfuko kitupu cha albamu yake. Najua unampenda. Utakuwa unamwona kila wiki, kwa sababu kila wiki utakwenda kufungua ile albamu na kumsomea Emmett rangi, fremu kwa fremu. Na ukifika, kiti chako kiweke pembeni, upande ule anaoonea.

Bi Loretta