Barua Uliyoitunza, Aloisi

Ndugu yangu Aloisi,

Binti yako yuko kazini. Anaendesha basi la Great Barr na hatarudi hapa Castle Vale, mtaa wetu huku ughaibuni, kabla ya saa nane, kwa hiyo nina muda wa kukuandikia, mkono ukikubali. Moyo nao umechoka. Daktari amesema tusihesabu miezi. Kila lifti inapolia, nashtuka nikidhani ni Felista.

Umetimiza mwaka kaburini. Wiki hii bahasha imefika kutoka monasterini. Abate anasema ulichoacha ni rozari, miwani, na barua moja uliyoitunza ndani ya kitabu cha sala tangu ulipokuwa novisi. Vyote ni vya binti yako. Felista alisoma maelezo ya abate tu, akairudishia bahasha gundi, akaiweka juu ya friji.

"Nitaifungua kesho, Baba, tukishakula," ameniambia asubuhi.

Mimi najua barua hiyo inasema nini. Niliiandika mimi.

Unamkumbuka yule lodi, bwana mkubwa wa Ufaransa ya kale, tuliyemsoma seminarini? Aliacha ngome, mizabibu na farasi, akaenda kuchunga nguruwe wa wamonaki. Wewe, mtoto wa mangi, chifu wetu, ambaye hukuwahi kushika jembe, ulicheka mpaka machozi. "Nguruwe wake lazima walikonda," ulisema. Kisha mkeo akafa, na kicheko kikaisha. Kihamba, shamba la ukoo, na kahawa yote ukawaachia binamu zako, ukaja kwetu na Felista, miaka sita, viatu vyake vikiwa ndani ya kikapu ili visichakae. Mimi na mke wangu Magreti hatukuwa na mtoto; ukatuachia yeye, ukaenda monasterini.

Ukiwa bado novisi, kabla ya nadhiri, uliniandikia: "Niambie kweli, mtoto ananiulizia? Kama ananiulizia, navua kanzu hii narudi."

Alikuwa anakuulizia, Aloisi. Kila siku. Akitoka shule alikaa kwenye lango mpaka Magreti amvute ndani kwa mkono.

Nami nikakujibu kwamba amekusahau, kwamba ananiita Baba. Nikakukumbusha yule lodi: watoto wake walilia langoni mwa ngome, naye hakugeuka. Kitabu hakikusema habari ya watoto. Niliwatunga, mimi mwalimu wa historia, kwa sababu nilijua unamwamini lodi yule kuliko unavyoniamini mimi. Hilo la kuniita Baba lilikuja kuwa kweli. Lilichukua miaka miwili.

Ukaweka nadhiri. Magreti alipofariki, Felista alinileta huku. Ananiogesha mgongo, ananipikia mtori, ananigombeza nikificha vidonge chini ya mto. Akikutaja, anatania: "Yule mzee wa monasteri alichagua nguruwe, mimi akaniacha." Nami hucheka naye. Miaka yote hii nimecheka naye.

Leo alipotoka nimeshika kiti, nikapanda, nikaishusha bahasha. Nimewasha jiko. Nimezima. Nimewasha tena. Halafu nikawaza ni mara ngapi uliikunja na kuikunjua karatasi ile ili ujizuie kurudi, na nikashindwa kuichoma. Ipo juu ya friji.

Dirishani Felista ana chungu cha isale. Hapa wanaliuza kama pambo, hawajui kwamba kwetu Uchagani anayeletewa jani lake hana budi kusamehe. Nimechukua mkasi. Nimelishika jani kwa muda mrefu, kisha nikaona ninachotaka kufanya. Binti huyu niliwahi kumwamulia mara moja nani awe baba yake. Nisimwamulie na kusamehe.

Naogopa, ndugu yangu. Siogopi kufa sana kama ninavyoogopa uso wake. Akiondoka, nani atanishika nikisimama? Lakini ana haki ya kuondoka, na ana haki ya kujua kwamba ulitaka kurudi.

Nakuahidi: nitamwambia leo, akishavua koti, kabla hajasogea jikoni. Nitamwambia kwa mdomo wangu, barua asome baadaye. Jani nimeliacha kwenye mmea wake.

Kwaheri, Aloisi. Siku si nyingi nitakuja huko uliko, nami nakuja mikono mitupu. Ukinikuta mlangoni na moyo wako ukakataa, nifungie tu. Nitakaa hapo nje, kama alivyokaa yeye.

Wako,
Gaudensi