Anwani Moja, Watu Watatu

Jumatatu, 6 Septemba 2004

Nina hasira hata chai imenishinda. Mzee Sumari kapita hapa intaneti kafe asubuhi na amri mkononi: ile anwani ya barua pepe ya usharika wa kanisa kule Oldonyosambu niifungie, isiandike tena kwenye mjadala wetu. Eti ni mtu mmoja anajifanya wengi! Wiki jana anwani hiyo ilikubali jambo asubuhi, mchana ikalikataa, jioni ikamkosoa yeye mwenyewe. Kigeugeu, kasema. (Hiyo ya jioni ndiyo iliyomuuma.)

Nikafungia. Barua pepe zote za mjadala zinapita kwangu kwanza, na yeye ndiye mwenyekiti. Tunatafsiri programu ya kuandikia kwa Kiswahili. Ya bure, ambayo mtu yeyote duniani ana ruhusa ya kuifungua na kuitengeneza. Yeyote! Halafu sisi wa Arusha tunaweka komeo.

Jumatano, 8 Septemba

Leo mwenye ile anwani kaja mwenyewe, hapa hapa Kaloleni. Vumbi hadi magotini. Anaitwa Soila, karani wa usharika. Wako watatu kweli! Yeye, Mwalimu Lerionka, na Simel muuguzi wa zahanati. Kompyuta moja, anwani moja, wanapokezana. Kanionyesha madaftari – miandiko mitatu tofauti. Wametafsiri kurasa zote za msaada za ile programu, sitini na mbili, miezi miwili wanahangaika na umeme.

Nikamwambia kuwa mzee anaona anwani moja ni mtu mmoja. Kacheka kwanza.

“Dada, sanduku letu la posta tunatumia usharika mzima. Barua za watoto wa shule, za wajane, zote humo. Hakuna aliyewahi kutuambia sisi ni mtu mmoja.”

Kisha kauliza nani hasa aliyewafungia. Nikasema ni mtambo. Mtambo! Uongo mchana kweupe, mbele ya mtu aliyetoka mbali namna ile. Najisikia vibaya mpaka sasa.

Alhamisi, 9 Septemba

Nimempigia Mzee Sumari. Shikamoo, marahaba, kisha nikamweleza: ni watatu, nimeona madaftari. Akasema sheria ni sheria. Kila anwani sauti moja, na hiyo imeshafungwa. Wakitaka wafungue mpya, ila mpya inangoja siku thelathini. Na kura ya wanachama ya kuamua nani abaki kwenye kazi hii ni kesho! Asiyebaki, kazi yake haiingii kwenye programu. Kurasa sitini na mbili, kwaheri.

Halafu nikakumbuka. Yeye anazo tatu! Ya ofisini, ya nyumbani Kimandolu, na ile niliyomfungulia mimi mwezi wa sita aliposahau njia ya kuingia kwenye nyingine. Nikaangalia kura iliyopita. Zote tatu zimo. Mtu mmoja, sauti tatu, wala hakuna anayemwita kigeugeu. Nilisimama katikati ya chumba nikasema “Loh!” wateja wakageuka.

Ijumaa, 10 Septemba

Nimewafungulia. Saa nne asubuhi, bila kumuuliza mtu. Saa tano zikaja kura tatu, kila moja na jina chini. Soila. Lerionka. Simel. Nikazipitisha zote.

Saa nane kasoro Mzee Sumari huyo mlangoni, jasho linamtoka. Hakusubiri hata salamu.

“Binti, nani kakutuma?”

“Hakuna, mzee. Nimeona si haki.”

Akavuta kiti, kaketi ubavuni mwangu. Anataka niwaandikie wanachama wote kwamba nimekosea na kura zile zifutwe. Zimebaki saa mbili kura ifungwe. Yeye mwenyewe atasoma kabla sijatuma.

Nimeandika, kisha nikavuta daftari hili. Kwenye kompyuta kuna mistari miwili tu:

Ndugu wanachama,
Mwenyekiti wetu ana anwani tatu, nazo ni hizi zifuatazo –

Kavua miwani, anaifuta kwa shati. Hajasoma bado.