Sato Aliyeletwa na Shemeji

Alhamisi, Julai

Samaki tena! Shemeji Deo ametoka mwaloni leo na sato mkubwa. Anasema kipupwe kimechafua ziwa, upepo wa kusini hautulii, wavuvi wengi hawatoki.

Hali ilikuwa hivi hivi mwaka jana, mume wangu Zakaria alipozama. Mwili hatukuupata.

Nilishika kisu, nikashindwa. Huyu sato amekula nini humo ziwani?

“Mama, siwezi,” nilimwambia mama mkwe.

“Hata mimi, mwanangu. Mwaka mzima samaki nameza tu, nisikutishe.”

Tulimfunga kwenye kanga, tukamzika migombani. Mama akasali kwa Kisubi, lugha ya kwao, akamtaja Zakaria. Hapo nikalia, mara ya kwanza tangu azame.

Kesho Deo atauliza kama sato alikuwa mtamu.