Anga ya Kapseret na Uso wa Mzee

Langas, Eldoret
Jumatano, 22 Januari
Usiku. Asubuhi ilikuwa baridi kali, hakuna wingu, vumbi lilianza kabla ya chai.

Kwa Baba mpendwa,

Mnaendeleaje huko? Goti linakusumbua bado? Mama alinieleza kwamba maharagwe yameshaingia ndani, nikafurahi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunisikii vizuri, na Mama huyarudia maneno yangu kwa sauti mpaka jirani anajibu. Haya ya leo sitaki jirani ayajibu.

Mimi ni mzima na kazi ya studio ipo. Lakini nimeharibu kitu kisichorekebishika, na wewe uliyepiga picha sokoni miaka yote ile utanielewa kabla sijamaliza.

Mwezi uliopita alikuja Mama Chebet, mfugaji wa Kapseret. Mumewe alikuwa mgonjwa, naye alitaka wapigwe picha pamoja. Picha zao za zamani ziliungua na nyumba kule Burnt Forest wakati wa ghasia za uchaguzi, na tangu hapo Mzee alikataa kupigwa nyingine. Sasa alikuwa amekubali, kwa sharti iwe ya filamu.

"Picha ya simu ni maziwa ndani ya gunia," Mzee aliniambia nilipofika kwao. "Simu ikiibwa, umebaki na nini?"

Mwana wao Kiprono, mwalimu, alitaka anga ya buluu kama ya kalenda. Siku hiyo ilikuwa imefifia kwa vumbi. Nikafunga ile filta ya kuzungusha, kioo cheusi cha kukoleza buluu, mbele ya lenzi, nikawasimamisha jua likiwa ubavuni, nikaizungusha polepole hadi anga ikakolea. Baba, ilipendeza hata nikacheka peke yangu. Nikamwomba Mzee atoe kofia.

"Nitoe kofia kwa boma langu? Ng'ombe watanicheka!"

"Mwache," Mama Chebet akasema. "Hata kanisani tunavutana naye."

Nikapiga filamu nzima. Kamera yangu haina kipimo cha mwanga. Napima kwa kile cha mkononi ulichonipa, na hicho hakijui kama kuna filta. Filta hula mwanga, lazima ufungue lenzi zaidi. Ulinifundisha hilo. Anga ilinisahaulisha.

Filamu ikaenda Nairobi kuoshwa. Mzee akafariki Jumamosi. Picha zikarudi jana.

Anga ni buluu nzito, safi, sijawahi kupata nyingine kama hiyo. Chini ya kofia hakuna uso. Hata wa Mama Chebet unaonekana kwa shida. Mwenye studio alijaribu kuziangaza kwa kompyuta, akapata chengachenga za kijivu tu.

Leo walikuja, mama na mwana. Niliwaambia ukweli kabla hawajafungua bahasha. Kiprono alizitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na sisi tutaweka nini mbele ya jeneza? Anga?"

Itabidi wakuze picha ya kitambulisho, ile ndogo yenye ukungu.

Mama Chebet aliipeleka moja dirishani penye mwanga. "Ni yeye," akasema. "Hivi ndivyo alivyosimama, mguu mbele kama mtu anatafuta ugomvi. Mimi sura yake naijua. Ni hawa wajukuu..." Alizitia zote kwenye mkoba.

Mlangoni akageuka. "Ijumaa tunazika. Uje na kamera."

"Mama!" Kiprono akasema.

"Nimesema aje. Nataka picha yangu nikiwa bado niko na uso." Akanitazama. "Na hiyo miwani ya kamera uiache Langas."

Nimekubali kwenda, Baba, lakini mikono yangu haijakubali. Tangu mchana nainua kamera tupu, naishusha.

Nisalimie Mama, na shangazi Rose anayekuletea maziwa, na binamu yangu Wafula fundi wa baiskeli. Nekesa mdogo wangu mwambie vitabu kwanza. Niombeeni Ijumaa.

Mimi binti yako,
Nafula

Alhamisi asubuhi, kabla sijafunga bahasha: taa nilizima mapema, lakini usingizi ulikuja saa tisa usiku.