Kipini cha Bi Mbodze Kimehama Pua

Ukunda, 7 Aprili 1999

Mpendwa Bi Mshauri,

Shikamoo. Uniwie radhi kwa wino uliopakaa, hata mwalimu wetu hulalamika, nimejaribu kuandika polepole lakini wapi.

Mimi ni msichana wa kidato cha pili, tunaishi Ukunda kwa sababu baba ni mpishi katika hoteli moja ya Diani, na tangu mwaka jana, kila Jumamosi na kila likizo, najifunza kupiga picha kwa Mzee Sefu, ambaye studio yake ni chumba kimoja chenye kamera kubwa ya mbao ya miguu mitatu, ile ambayo mpigaji hujifunika kitambaa cheusi na kumwona mtu kichwa chini miguu juu, na filamu yake si ya kuviringishwa bali ni ya vipande, kila picha na kipande chake, kikubwa kama kiganja. Wateja wamehamia kwenye picha za rangi, lakini mimi naipenda kamera hii, na nikimaliza shule ningependa kuifanya kazi hii.

Mzee Sefu ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na kitu hakioni mpaka akisogeze karibu na pua. Dada yake mkubwa, Bi Mbodze wa Mkwiro, hajawahi kupigwa picha maisha yake yote, alikuwa akikataa, na mwezi uliopita akakubali ghafla. Mzee akaniambia, "Piga wewe, mwanangu. Nataka niione sura ya dada yangu kwenye karatasi kabla macho hayajafunga." Katika boksi zilikuwa zimebaki filamu tatu tu, na mgeni wa hoteli aliyekuwa akimletea hajarudi tena.

Kujaza filamu Mzee alikuwa akijaza mwenyewe siku zote, hiyo ikawa mara yangu ya kwanza, nikaingia chumba cha giza nikajaza mbili katika kasha lake, moja upande huu na moja upande huu, nikifuata alivyonifundisha, kwamba gizani macho hayana kazi, papasa ukingo mpaka upate vipengo vidogo, halafu "vipengo vikae juu, chini ya kidole cha mkono wa kula, hapo upande wenye dawa ya kushika picha unakutazama wewe." Bi Mbodze akaketi, akasema, "Haraka, mjukuu wangu, kabla sijajuta," nami nikapiga zote mbili.

Tulipokwisha kuzisafisha na mimi kuzichapa, uso ulitoka hafifu kama uliofunikwa na moshi, na kilichonitisha zaidi ni kwamba kipini chake, ambacho amekivaa pua ya kushoto, kwenye picha kiko kulia. Kahaso, mama anayeuza viazi karai mlangoni petu, aliichukua akaitazama, akasema, "Hee! Huyu nani, jini? Na kipini mbona kimehama pua?" Akacheka, kisha akaacha kucheka, akasema huenda bibi wa watu alikuwa na sababu zake za kukataa picha.

Nimeikagua kamera yote, nimewasha tochi ndani ya ile ngozi yake ya mikunjo nikatazama gizani, haina tundu, lenzi inafunguka na kufunga, na dawa ilikuwa mpya. Mzee aliponiuliza, "Imetoka?" nilijibu, "Imetoka, naikausha." Bi Mshauri, nilisema uongo, na sasa amemtumia dada yake salamu aje Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu aichukue picha yake, na filamu imebaki moja, nami sijui nimwambie Mzee au nimpige bibi tena kimyakimya atakapokuja, na nikikosea tena itakuwaje. Je, kuna watu ambao picha hukataa kuwashika, au ni mimi nisiyeifaa kazi hii?

Wako mtiifu,
Roselyne

*

Roselyne,

Marahaba. Nianze na swali. Ukiwa kwenu, ugali unaumega kwa mkono gani?

Nauliza kwa sababu barua yako imepakaa wino kuanzia mstari wa kwanza hadi jina lako, na wino hupakaa hivyo mkono unapoburuzwa juu ya maneno mabichi. Wewe ni mashoto.

Barua nilimpa Chengo, anayesafisha picha za gazeti hili tangu mimi sijaajiriwa. Hakufika ukurasa wa pili. "Filamu iliingia mgongo mbele," akasema. Mwanga ulipita kwa nyuma, ndiyo maana sura ni hafifu, na kwa sababu hiyo hiyo kushoto kumekuwa kulia. Jini hayumo. Kilichomshangaza ni kwamba mwanafunzi anayekumbuka vipengo akosee vipengo. Nikamwonyesha wino wako, akacheka mpaka akavua miwani.

Kwa Mzee Sefu mkono wa kula ni mmoja tu, wa kulia, na hakuna anayeuliza. Wewe ulisikia "mkono wa kula" ukatoa ule unaokula nao, vipengo vikakaa kushoto na dawa ikakupa mgongo. Nadhani kwake unakula kwa wa kulia, kwa adabu, ndiyo maana hajui. Hukukosa kusikiliza, binti. Ulisikiliza mno.

Kwa uongo, lakini, sikuachii. Mtu mwenye ukungu machoni akikuuliza "imetoka?" anaazima macho yako. Ulimpa nini? Na hilo la kumpiga bibi kimyakimya lifute kabisa. Uso ni wake. Alikubali mara moja. Mara ya pili aombwe, na aambiwe kwa nini.

Zile filamu mbili zilizoharibika usizitupe. Funga macho uzijaze na kuzitoa katika kasha mara ishirini, vipengo juu, chini ya kidole cha mkono USIOANDIKIA. Siku ya ile ya tatu, kabla ya kuifungia, lowesha mdomo uuguse kwa pembe ya filamu: upande wa dawa hunata kidogo. Hiyo ni siri ya Chengo, na haijali mtu ni mashoto au la. Kahaso naye mwonyeshe filamu yenyewe kwenye mwanga, kisha uigeuze. Kipini cha bibi kitarudi pua ya kushoto.

Majibu haya nimeyatanguliza kwa posta kabla ya kuyachapa. Kahaso hufungia viazi magazeti, na sitaki Mzee Sefu asomewe habari zake kutoka kwenye karatasi ya mafuta. Kwa hiyo huna wiki ya kujifikiria. Ukishaisoma barua hii, ikunje, nenda studio, msalimie, unyooshe mkono wa kushoto mpaka karibu na pua yake auone vizuri, useme, "Mzee, mimi mkono wangu wa kula ni huu."

Amefanya kazi hii tangu kabla hujazaliwa. Atajua mwenyewe filamu zake ziliharibikia wapi.