Jina Langu Kwenye Kopo

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimelala vizuri. Vidonge nimemeza asubuhi na jioni. Sijaanguka. Haya, hayo ndiyo anayotaka niandike Sista Veneranda wa kliniki. Mengine ni yangu.

Leo sikutulia. Nimefuta makopo mara tatu, nikayapanga, nikayapangua. Apolinaria akanicheka – akasema lebo zitachubuka kabla hazijafika dukani. Yeye ndiye anayekaanga karanga. Mimi motoni sisogei, hiyo ni sheria niliyojiwekea mwenyewe. Nachambua, nasaga, napaki. Mashine iko chumba cha mbele, nyumba ya marehemu mama, hapahapa Mtendeni. Ikianza kunguruma majirani wote wanajua Tunu yuko kazini.

Saa nane Xavery akapiga simu. Yale makopo ya majaribio yamekwisha kwa siku nne! Sasa anataka makopo mia kila mwezi, ya duka lake la mjini na lile la stendi. Mia! Nikajibu sawa, kwa sauti ya mtu aliyezoea. Nilipokata simu nikazunguka uani mara sijui ngapi.

Miezi kumi na moja sijaanguka. Sitaiandika tena hesabu hii, naogopa kuitia kijicho.

Jumatano, 16 Julai 2025

Nimepeleka makopo ya kwanza ya ile mia. Xavery ameyaweka rafu ya katikati, mtu akiingia tu anayaona. Siagi ya Karanga ya Tunu, na picha yangu nimevaa ule mtandio wa bluu. Nilisimama najitazama kama mjinga.

Kugeuka – Ummy! Dada yake Awadhi, aliyekuwa mume wangu. Miaka tisa hatujasalimiana. Akachukua kopo, akasoma, akanitazama, akalirudisha kwa ncha za vidole.  Bora angenitukana.

Nimerudi nyumbani kovu la mkono linawasha. Basi niliandike, litoke. Mwaka 2016, jikoni kwa Awadhi, kifafa kilinikamata napika uji. Mkono wa kushoto ukaingia kwenye makaa. Ummy alikuwa mlangoni. Haya nimesimuliwa, mimi nilikuwa sijijui: alipiga kelele msimguse, povu lake linaambukiza. Na watu wazima wanne wakasimama kweli, wakitazama. Aliyenivuta ni muuza maji aliyekuwa anapita. Nilipotoka hospitali nikakuta nguo zangu zimefungwa kwenye shuka, na Awadhi kasafiri. Talaka ikanifuata kwa mama.

Miaka miwili sikutoka nje ya geti. Mama ndiye aliyeniwekea ungo wa karanga mapajani. Chambua, akasema, mikono ikae na kazi. Kisha Apolinaria akaja kupanga chumba cha uani, ametoka Goweko, amechoka na kulima tumbaku. Akaanza kuzikaanga na kuzitembeza. Ndivyo tulivyoanza. Hakuna la ajabu.

Usingizi sina.

Ijumaa, 18 Julai 2025

Xavery amepiga. Sauti ya chini. Kuna mwanamke amekuja dukani, amesema mbele ya wateja kwamba aliyesaga karanga zile ana kifafa. Makopo sita yamerudishwa. Moja lilikuwa limeshaliwa nusu!

"Dada Tunu, mimi sina neno. Wateja ndio hao." Ameyatoa rafuni. Ameyaweka stoo, mpaka upepo upite.

Upepo gani?

Nimewasha mashine na sikuweka karanga. Nilitaka kelele tu. Apolinaria akaja akaizima, akanitoa chumbani kwa mkono. Vidonge vya jioni nimevisahau, nimevimeza kwa kuchelewa.

Jumapili, 20 Julai 2025

Apolinaria alipotoka misa alikaa karibu yangu bila kuvua viatu. Nikajua ana jambo. Akasema: weka jina langu. Picha yangu. Karanga ni zilezile, mashine ni ileile, wewe ukae ndani usage, mimi nitasimama dukani. Mimi hawana la kunisema.

Nilimfokea. Nikamwambia umengoja muda gani kuniambia hivyo? Maskini! Akaenda kupika ugali, akanipakulia mimi kwanza.

Ubaya ni kwamba ana akili. Nimelifikiria mchana kutwa. Makopo mia yatauzwa. Dada zake wawili wako Goweko wanasubiri tuwaite kazini. Mimi ninapungukiwa nini? Jina tu. Nimechukua lebo nikaandika kwa kalamu: Siagi ya Karanga ya Apolinaria. Imependeza, tena jina refu linajaza nafasi.

Nimemwomba radhi. Nimemwambia kesho twende kwa mtu wa lebo. Akasema sawa dada. Hakufurahi. Hata mimi.

Jumanne, 22 Julai 2025

Jana mtu wa lebo hakuwepo, amekwenda msibani. Leo ilikuwa zamu yangu ya kliniki, basi nikaenda.

Kwenye benchi nimekaa na mama mmoja wa Bukene. Kaja kwa treni na binti yake, Mhoja, kasichana karefu, kanajifunika kanga mpaka machoni. Alikuwa anajifunza cherehani. Akaanguka darasani, wenzake wakakataa kushika mkasi alioushika yeye. Sasa yuko nyumbani tu. Mama anaongea kwa sauti ndogo, nusu Kiswahili nusu Kisukuma, anatazama mlango kila saa.

Akaniuliza, na wewe mgonjwa wako yuko wapi? Nikasema ni mimi. Akanitazama juu mpaka chini – viatu, mkoba, saa. Kazi yako nini? Nasaga karanga, nauza.

"Na watu wanakula?"

Hakuniuliza kwa ubaya. Mhoja akafunua kanga kidogo, asikie jibu.

  Nikasema wanakula, halafu nikainama natafuta kadi kwenye mkoba, na kadi ilikuwa mkononi.

Sista Veneranda alisoma daftari la vidonge, akagomba kuhusu ile Ijumaa. Nikamweleza yote. Akasema kifafa hakimwambukizi mtu, si kwa mate wala kwa chakula, hata yeye akitakiwa kuja kusema popote atakuja. Nikasema asante. Lakini nilikuwa nawaza swali la yule mama kwenye benchi.

Sikwenda kwa mtu wa lebo.

Alhamisi, 24 Julai 2025

Nimekwenda kwa Xavery, miguu inataka kurudi. Nikamwambia Jumamosi nataka meza mbele ya duka lako. Nitaleta mikate, watu waonje bure. Na nitawaambia mwenyewe kwa mdomo wangu nina nini.

Akakuna kidevu. Akahamisha mafuta ya kula kutoka hapa kwenda pale. Mwisho akasema:

"Na ukianguka hapo mbele ya watu?"

Nikamwambia ondoa vitu vya kuniumiza, nilaze ubavu, usinitie kitu chochote mdomoni, usinishike kwa nguvu, usubiri ukiangalia saa. Ikizidi dakika tano nipelekeni hospitali.

"Ni hivyo tu?"

Ni hivyo tu.

 Halafu akasema mpaka saa sita, baada ya hapo wanashusha mzigo wa sukari. Nikasema mpaka saa sita inatosha. Nimetoka nikakaa kwenye ngazi za duka la jirani.

Apolinaria nilipomwambia alipiga vigelegele peke yake uani.

Ijumaa, 25 Julai 2025

Vidonge, sawa. Chakula, kidogo. Nimefanya mazoezi ya maneno mbele ya kioo, kila nikifika "kifafa" sauti inashuka. Kioo chenyewe hakijasikia!

Jumamosi, 26 Julai 2025

Naandika nimesimama, stoo kwa Xavery, daftari juu ya gunia la sukari. Nimeingia kuchukua mikate. Nisipoandika sasa kichwa kitapasuka.

Saa tatu hatukupata mtu. Wanapita mbali na meza. Apolinaria anapaka mikate, mikate inakauka. Saa nne nikapanda kwenye kreti la soda. Nikasema naitwa Tunu, nimezaliwa Mtendeni, nina kifafa, karanga hizi nimezisaga mimi. Sauti haikushuka! Mtu akacheka. Mwendesha bodaboda akauliza, kwa hiyo nikila naanguka? Nikamwambia mimi nakula kila siku na Apolinaria, muulize yeye ameanguka mara ngapi. Wakacheka tena, safari hii si mimi wanayenicheka. Akala. Akaomba kipande cha pili. Wakaja wawili, watatu. Wengine wanashika mkate hawaupeleki mdomoni.

Halafu Ummy. Na hakuja peke yake – amemshika mkono mama yake, Bi Zamda, mama mkwe wangu wa zamani. Amezeeka! Nikasema shikamoo mama, kama zamani. Akaitika marahaba, hakuongeza.

Ummy akasema twende, mama, sisi tunafuata mchele. Bi Zamda hakwenda. Akaniambia nionyeshe mkono. Mbele ya watu wote. Nikapandisha mkono wa baibui mpaka kwenye kiwiko. Miaka tisa mji huu haujauona. Nasikia bodaboda tu barabarani. Akalitazama kovu zima, kutoka juu kushuka chini. Akaunyoosha mkono wake, nikadhani anataka kunigusa – akachukua mkate kwenye sahani.

Hajala. Ameushika tu. Ummy anamvuta upindo wa baibui, anamwambia kitu sikioni. Mimi nikakimbia huku ndani nikisema mikate imekwisha. Haijaisha.

Moyo unapiga. Sijui ni woga au ni dalili za kuanguka. Nimevuta pumzi kumi. Bado nimesimama.

Xavery amechungulia mlangoni. Anasema watu wamekuwa wengi, wamejaa mpaka barabarani, nitoke. Nimemuuliza yule bibi ameondoka?

Anasema hapana. Ameomba kiti.