Shilingi Ishirini na Tano kwa Kila Hisa

Jumatatu, 3 Septemba 1962

Swala, kahawa, kisha mizania. Siku ya tatu sasa, na jawabu ni lile lile. Mali ya kampuni ya kamba ya Changamwe: shilingi laki tatu. Madeni: laki moja. Zabaki laki mbili. Hisa ni elfu nane. Kwa hiyo kila hisa, kwa mujibu wa vitabu vyao, ina thamani ya shilingi ishirini na tano. Dalali Sefu anaziuza kwa kumi na tano. Mwenyewe ni Mzungu, anataka kurudi kwao kabla ya uhuru.

Sijakosea kugawanya. Nilifundisha miaka thelathini. Hata hivyo nagawanya tena.

Fedha si zangu. Ni elfu tisa alizoacha marehemu ndugu yangu Omari. Za mjane wake, Mwanakombo, na watoto watatu. Mimi ni wasii wao. Zimo katika sanduku chini ya kitanda changu, na kila nikisikia watu wakibishana barabarani habari za Mwambao, nani atautawala na nani atafukuzwa, huinama kutazama kufuli.

Jumanne, 4 Septemba

Nimetoa arubuni. Shilingi elfu moja na mia tano, kwa hisa mia sita. Baki ilipwe Jumamosi kabla ya adhuhuri. Nisipolipa, arubuni imekwenda.

Sefu alikuja na stakabadhi. Ilikuwa na makosa mawili ya tahajia. Nikamrudishia aiandike upya. Nikasaini.

"Mwalimu, kitu cha ishirini na tano wapewa kwa kumi na tano. Wataka nini tena, wallahi?"

Sikumwambia Mwanakombo. Nilijiambia kuwa mambo haya hayaelewi. Ukweli ni kwamba niliogopa angeniuliza swali.

Alhamisi, 6 Septemba

Ameniuliza swali.

Nilipita kwake asubuhi. Huuza mahamri na mbaazi barazani, hapa hapa Kisauni. Nikamweleza habari za hisa kana kwamba ni jambo ninalolifikiria tu. Arubuni sikuitaja. Nikamsomea orodha ya mali: mashine elfu sabini, kamba na magunia elfu arubaini, fedha wanazodaiwa watu na kampuni elfu thelathini, majengo laki moja na sitini.

Akageuza hamri. "Hayo majengo, shemeji, ni pamoja na ardhi yake, au nyumba tupu?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba kampuni haiendeshwi kama kibanda cha mahamri. Akasema, "Haya, Mwalimu." Akaniwekea manne katika karatasi. Sikuweza kuyala.

Nyumba yake imejengwa juu ya ardhi ya mtu. Yangu pia. Kila mwezi nalipa kodi ya ardhi, na mwenye ardhi akitaka pake, nitabomoa miti na mabati yangu niondoke. Hapa kwetu hakuna mtu anunuaye nyumba bila kuuliza hilo. Mtoto angeuliza. Mimi nilipoona karatasi iliyopigwa chapa na sahihi ya mkaguzi wa hesabu, sikuuliza.

Nimeisoma mizania mara tatu. Neno ardhi halimo.

Ijumaa, 7 Septemba

Changamwe, kwa basi, mapema, ili niwahi swala ya Ijumaa. Ghala la kampuni ni kubwa. Kuta za mawe, paa jipya. Kwa dakika chache nilifurahi.

Mlinzi ni Mzee Karisa, mtu wa Rabai. Nikamuuliza ardhi ni ya nani. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kumbe nawe umekuja kununua paa? Wa tatu wewe mwezi huu."

Akanieleza bila kuficha. Ardhi ni ya ukoo mmoja wa mjini. Mkataba wa kodi unakwisha mwakani. Wenyewe wamekwisha kataa kuuongeza. Mashine zitahamishwa, mawe hayahamishwi.

Sikumbuki nilivyofika msikitini. Khatibu aliomba dua kwa ajili ya mayatima na kila mtu akaitikia amina.

Jumamosi, 8 Septemba

Nimefuta majengo. Zabaki mali laki moja na elfu arubaini. Toa madeni laki moja. Elfu arubaini. Gawanya kwa elfu nane.

Shilingi tano.

Vitabu havikusema uongo. Kujenga kuligharimu laki moja na sitini, na hivyo ndivyo walivyoandika. Mimi ndiye niliyedhani kwamba kilichogharimu fedha lazima kitarudisha fedha.

Sefu alikuja saa nne. Nikamwambia yote. Hakushtuka, alikuwa anajua. Akanishauri nilipe tu, kisha yeye atanitafutia mnunuzi mwingine, mwenye karatasi ile ile na haraka ile ile. "Si lazima umwambie, Mwalimu. Wewe uliambiwa?"

Naandika hili kwa sababu hakuna atakayelisoma: nilinyamaza. Nilimfikiria mwalimu mwenzangu wa Likoni, aliyeniuliza juzi habari za hisa. Ana akiba. Ananiamini. Nilinyamaza muda wa kumaliza kikombe cha kahawa, na ukimya ule wanitisha kuliko hasara.

Kisha nikamwambia aende.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Arubuni imekwenda.

Jumapili, 9 Septemba

Nimefika mlangoni kwa Mwanakombo mara mbili na kurudi mara mbili. Sikuwahi kumwogopa mkaguzi wa shule kama ninavyomwogopa mwanamke huyu mpole.

Nikifa usiku huu atafungua sanduku na kuhesabu elfu saba na mia tano. Atadhani nimeiba. Si mbali na kweli.

Jumatano, 12 Septemba

Nilikwenda baada ya alasiri, barazani pametulia. Nikampa sanduku na ufunguo. Nikampa na hati niliyoiandika kwa mkono wangu na kuisaini: nadaiwa elfu moja na mia tano, nitalipa kila mwezi kutoka pensheni yangu. Nikamwambia yote, pamoja na kahawa ya Sefu.

Hakupandisha sauti. Aliniomba nimwonyeshe ile hesabu. Nikaichora kwa chaki sakafuni, polepole. Mali, madeni, idadi ya hisa. Ishirini na tano. Kisha akachukua nguo yenye maji, akafuta majengo mwenyewe, akanihimiza nigawanye tena.

Akaitazama ile tano. Watoto walikuwa wakicheza nyuma ya nyumba.

Akaniuliza kama nimekula.

Nikasema bado.